Simu ilisema mawimbi mita 1.1, mlangoni mwa mto nikakuta ukuta wa maji. Tusomeje utabiri wa bahari?

FaibaYaPangani (mleta uzi), Jumatatu saa 3:10 usiku

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Nina boti ya faiba ya futi 23, mashine ya kumi na tano, tunavua dagaa wa usiku kutokea Pangani. Jumamosi tulitoka watu watano. Kabla ya kutoka nilifanya kama siku zote. Nikasikiliza taarifa ya hali ya hewa: upepo wa pwani kutoka kusini mashariki, km 20 kwa saa, mawimbi madogo hadi makubwa kiasi. Nikafungua na programu ya Windy kwenye simu: upepo noti 10 (kama km 18.5 kwa saa), mawimbi mita 1.1. Angalizo hakuna, onyo hakuna. Nikawaambia vijana leo bahari ya watoto.

Na usiku kucha ilikuwa hivyo kweli. Taa tukawasha, dagaa wakapanda, alfajiri tukageuza. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyelowa hata kanzu, maana mmoja wetu alikuja na kanzu yake ya kuswalia na akaswali nayo humo humo.

Kwenye saa moja asubuhi tukafika mlango wa mto. Wimbi la kwanza lilitunyanyua kwa nyuma, boti ikateleza mbele kama imemwagiwa mafuta chini. La pili sikuliona likija, nililiona limeshasimama. Wima, rangi ya matope, nikiwa nimekaa kwenye usukani nalitazama kwa juu. Likavunjikia ndani. Mashine kimya. Ndoo zinaelea, dagaa wanarudi kwao. Kijana wa mbele anafua maji huku anatoa shahada. La tatu kwa bahati lilikuja dogo, na mashine ikashika mara ya nne nilipovuta kamba.

Watu wote wazima, alhamdulillahi. Dagaa karibu wote wamekwenda.

Sasa swali langu. Mita 1.1 ni kiunoni kwangu. Lililoingia ndani halikuwa la kiunoni. Utabiri ulikosea, au mimi ndiye sijui kuusoma?

---

Kigambo_Boy, saa 3:24 usiku

Pole sana mkuu. Hizo programu futa tu. Zimetengenezwa na watu wanaoogelea kwenye mabwawa.

---

MzeeWaGoshini, saa 3:51 usiku

Pole kijana wangu, na wape pole wenzio.

Jumamosi mwezi ulikuwa wa ngapi?

---

FaibaYaPangani, saa 3:55 usiku

Marahaba... samahani mzee, shikamoo kwanza 😅 Mkono bado unatetemeka. Mwezi ulikuwa mwezi tatu, siku ya tatu tangu uandame. Ndiyo kiza chetu cha dagaa.

---

MzeeWaGoshini, saa 4:02 usiku

Marahaba.

Mwezi tatu ni bamvu, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa. Saa moja asubuhi maji ya bamvu yanatoka mtoni mbio, na wewe unaingia. Hilo halihitaji simu. Babu yangu hakuwa na simu na alikufa kitandani.

---

Mpimaji_Mstaafu, saa 4:40 usiku

Mzee kasema nusu ya jambo na ni nusu nzito. Naomba niongeze nyingine. Nimefanya kazi ya kupima hali ya hewa miaka mingi, sasa nafuga kuku.

Kwanza nimtetee mtabiri. Ile mita 1.1 inaelekea ilikuwa sahihi kabisa, tatizo ni kwamba haisemi unachodhani inasema. Ukipima mawimbi yote yanayopita sehemu moja, ukachukua theluthi ya yale makubwa zaidi na kutafuta wastani wake, hiyo ndiyo namba unayoandikiwa. Kwa hiyo kuna mengi madogo kuliko hiyo, na yapo machache makubwa kuliko hiyo. Katika mawimbi mia moja tegemea moja linalofika mara moja na nusu ya namba. Ukikaa baharini saa kadhaa, yanapita maelfu, na humo linaweza kuwemo linalokaribia mara mbili. Ukiona mita 1.1, kichwani andika "na siku ya siku, mita 2". Hilo ni huko nje kwenye kina, kabla hujafika mlangoni.

Pili, namba ya mawimbi haiendi peke yake. Pembeni yake kuna sekunde. Uliziona?

---

FaibaYaPangani, saa 4:47 usiku

Sekunde naziona lakini nilidhani ni mambo ya hao wanaoteleza kwenye mawimbi na mbao zao. Ila nilipiga picha ya skrini kabla ya kutoka, nimtumie mwenzangu. Naiangalia hapa.

Mawimbi mita 1.1.
Chini yake: mawimbi ya upepo 0.6, sekunde 4.
Chini tena: mawimbi mengine 0.9, sekunde 11, kutoka 115.

Hizi 0.6 na 0.9 mbona hazijumlishiki kuwa 1.1?

---

Mpimaji_Mstaafu, saa 5:15 usiku

Ahsante kwa kupiga picha, wengi hawafanyi. Sasa tuna mwili, tunaweza kufanya uchunguzi.

Hazijumlishwi moja kwa moja. Kila moja unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha, unatafuta kipeuo. 0.36 na 0.81 ni 1.17, kipeuo chake ni 1.08. Ndiyo 1.1 yako. Yaani ile namba kubwa iliyokupa imani ilikuwa imefunika watu wawili tofauti chini ya shuka moja.

Wa kwanza ni mawimbi ya upepo wa hapo hapo. Sekunde 4, mafupi, yanagonga gonga ubavu, yanakulowesha na basi. Wa pili ni mgeni kutoka mbali. Ameumbwa na upepo wa siku kadhaa nyuma katikati ya bahari ya Hindi, akasafiri mpaka kwako. Sekunde 11. Huko nje humwoni, maana kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni karibu mita 190. Boti yako inapanda taratibu, inashuka taratibu, unawasha sigara. Ndiyo maana usiku kucha ulisema shwari.

Lakini wimbi linaanza kugusa chini pale kina kinapokuwa nusu ya ule umbali wa mgongo hadi mgongo. La sekunde 4 au 5 halijui kama kuna chini mpaka likaribie mita 20 au pungufu. La sekunde 11 linaanza kuhisi kwenye mita 90 na kitu. Likigusa linapunguza mwendo, la nyuma yake linalisogelea, na nguvu iliyokuwa imetandazwa inabanwa inyanyuke juu. Kuna hesabu ya siku nyingi ya mawimbi yanayopanda ufukweni. Wimbi la mita 1.1 la sekunde 5 linavunjika likiwa na kama mita 1.25. Hilo hilo la mita 1.1 likiwa la sekunde 11, linavunjika na kama mita 1.7. Urefu ule ule kwenye simu. Na hesabu hiyo haijatia maji ya mto yanayolikimbilia usoni.

Sasa rudi kwa mzee. Mkondo ukienda kinyume na wimbi, wimbi linajikunja, linakuwa fupi na wima. Mlango wako ulikuwa na vyote viwili, fungu la mchanga chini na bamvu likitoka. Utabiri haukukosea. Ulikwambia habari za nje na wewe ukazisoma kama habari za mlangoni.

---

BintiMwani, Jumanne saa 12:30 asubuhi

Habari za asubuhi kaka zangu na wazee wangu. Mimi nalima mwani Paje, mashariki ya Unguja, siku zetu zote zinapangwa na maji, kwa hiyo hili la saa ninalo kichwani.

Ukanda wetu huu, Unguja, Dar, mpaka huko Tanga, bamvu lina saa zake hazibadiliki sana. Maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Yanakauka kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja saa zinapinduka na maji yanakuwa mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Kwetu bamvu kubwa linapita mita nne kutoka kukauka hadi kujaa. Maji mafu wakati mwingine hata mita moja ni shida.

Na hayatoki kwa mwendo mmoja. Ukigawa saa sita za kupwa, saa ya kwanza yanaondoka kidogo tu, moja ya kumi na mbili. Ya pili mbili. Ya tatu na ya nne tatu tatu, yaani nusu ya maji yote inaondoka katika saa mbili za katikati. Kama yalijaa saa kumi alfajiri, hizo za katikati ni saa kumi na mbili hadi saa mbili.

Kaka umefika saa moja. Umelenga katikati kabisa 🙈

---

FaibaYaPangani, saa 12:52 asubuhi

Dada umeniua.

Na ubaya wake ni kwamba dagaa tunafuata kiza, kiza ni mwezi mchanga, mwezi mchanga ni bamvu. Yaani kazi yenyewe inanipeleka mlangoni saa mbaya kila mwezi. Miezi mingine imepita salama kwa sababu yule mgeni wa sekunde 11 hakuwepo, si kwa ujuzi wangu.

---

Mpimaji_Mstaafu, saa 1:20 asubuhi

Hapo sasa.

Na hiyo 115 uliyoiandika ukaipita, usiipite. Ni upande wimbi linakotoka, kwa nyuzi. Kaskazini 0, mashariki 90, kusini 180. Chukua ramani. Mkabala na Pangani kuna mwanya kati ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na ncha ya kusini ya Pemba. Wimbi likitoka 150, Unguja inakukinga, umekaa demani yake. Likitoka 115 linapita mwanyani bila hodi na kukufikia wewe. Msimu wa kusi mengi yanatoka kusini kuliko hivyo, ndiyo maana Pangani hupata ahueni ambayo watu wa Paje hawaipati. Siku yanapogeuka kidogo tu kuelekea mashariki, ile ahueni haipo, na urefu kwenye simu unaweza kuwa ule ule.

---

BintiMwani, saa 1:31 asubuhi

Paje hatuna wa kutukinga. Mwamba tu. Kusi likikaza kamba za mwani zinakatika, vigingi tunaviokota ufukweni.

---

Kigambo_Boy, saa 2:05 asubuhi

Mimi bado nasema hao TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wangetoa onyo. Watu wanakufa. Mnakumbuka meli zilizozama, Spice Islander? Skagit?

---

Mpimaji_Mstaafu, saa 2:38 asubuhi

Tusichanganye. Spice Islander, Septemba 2011, ilizama ikielekea Pemba kwa kupakia kupita kiasi. Huwezi kuidai hali ya hewa deni hilo. Skagit, tarehe 18 Julai 2012, karibu na Chumbe, hapo ndiyo, kulikuwa na upepo mkali wa kusi na bahari imechafuka.

Kuhusu onyo. Rangi za TMA zina maana. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Angalizo la kawaida mnalijua mpaka kwa moyo: upepo unaofikia km 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Km 40 ni noti 22 kwa hesabu ya noti moja sawa na km 1.85. (Noti za baharini, siyo za benki. Za benki mnaziacha baharini.) Noti 22 ni mahali ambapo nchi nyingi zinaanza kuwaambia wenye vyombo vidogo wakae nyumbani.

Sasa fikiria mtu wa onyo anaandika kwa mikoa ya Tanga, Pwani, Dar, Lindi, Mtwara, pamoja na Unguja na Pemba. Hawezi kuandika "mlango wa Pangani saa moja asubuhi". Siku ya Jumamosi noti 10 na mita 1.1 ilikuwa kama nusu tu ya njano. Kukosekana kwa rangi hakukuwa ruhusa.

Na yale maneno "madogo hadi makubwa kiasi" yasikupite sikioni kama wimbo. Kwa kipimo cha kimataifa cha hali ya bahari, madogo ni nusu mita hadi mita 1.25. Ya kiasi yanaanzia hapo hadi mita 2.5. Mita mbili na nusu! Ukisikia "hadi makubwa kiasi" umeambiwa mengi.

---

MzeeWaGoshini, saa 3:14 asubuhi

Sisi tulikuwa tunaangalia mbalamwezi, mawingu, na ndege. Kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952 nani alikitabiri? Wazee waliona bahari inapumua vibaya, wakapandisha vyombo juu.

---

Mpimaji_Mstaafu, saa 3:40 asubuhi

Mzee wangu sikatai, na hiyo "bahari inapumua" nadhani ni kitu hiki hiki tunachokiita sekunde. Kimbunga kiko mbali, upepo kwako hakuna, lakini mawimbi yake marefu yametangulia. Mzee anayahesabu kwa pumzi, sisi kwa saa. Mlikuwa mnasoma taarifa ile ile.

Ila kimbunga Hidaya kilipokuja Mafia Mei 2024, watu walijua siku kadhaa kabla kinakotokea na kinakoelekea. Hilo pumzi peke yake haliwezi.

---

LamuKaskazi, saa 4:22 asubuhi

Salaam kutoka Lamu. Uzi mzuri. Niongeze la mkondo mkubwa wa pwani, sababu naona mnaongea mto tu.

Maji ya pwani yetu kutoka Mtwara mpaka maeneo ya Malindi, Kenya, yanakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi yanakwenda mbio zaidi, na upepo unayasukuma njia moja. Bahari inakuwa kubwa lakini ina mpangilio. Ukija msimu wa kaskazi, upepo unatoka kaskazini na maji yanaendelea kupanda kaskazini, wanagongana. Noti 15 za kaskazi mkondo wa Pemba, pale penye kina, zinaweza kukusumbua kuliko noti 15 za kusi. Simu inaandika 15 zote mbili. Watu wanasema kaskazi ni msimu mwema, kweli ni mwema, lakini mawimbi yake mafupi yamekaa kama meno ya msumeno.

Huku kwetu kusi likishika barabara, wa bahari kuu wanarudi kuvua ndani ya visiwa. Hatubishani nalo.

---

Mtoro_Muscat, saa 5:00 asubuhi

Niko Oman wakuu, nasoma huku natabasamu. Kusi lenu likivuka ikweta linapinda na kufika huku likitokea kusini magharibi. Dhofar wanaliita khareef, milima inakuwa kijani na bahari inakuwa haiingiliki kwa vyombo vidogo, Juni mpaka Septemba. Upepo mmoja, huko mnalalamika dagaa, huku watu wanakwenda kupiga picha za ukungu.

Swali dogo: kwenye programu hizo saa zinasomwaje? Rafiki yangu wa Tanga aliniambia upepo utakaza saa tatu, ukakaza saa sita.

---

Kigambo_Boy, saa 5:09 asubuhi

😂😂 hapo ndipo wengi tunapoliwa

---

Mpimaji_Mstaafu, saa 5:30 asubuhi

Swali hilo si dogo hata kidogo, limewahi kuwatia watu majini.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza, taarifa nyingi za bahari zinaandikwa kwa saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiona 06 yenye herufi Z au neno UTC, kwetu saa za ukutani zinasoma 9, yaani saa tatu asubuhi. Programu za simu nyingi zinageuza zenyewe kufuata saa ya simu, lakini hakikisha, usikisie.

Wa pili ni wetu wenyewe. Mwenzako anasoma 15:00 kwenye skrini, anakwambia kwa mdomo "saa tatu". Wewe Mswahili umeshasikia saa tatu ya asubuhi au usiku. Mimi ninapompigia mtu simu nataja na jua liko wapi: saa tisa, jua limeanza kulala.

Na upepo wenyewe, tusisahau, una ratiba. Msimu wa kusi upande wa mrima, yaani pwani ya bara, asubuhi umande (upepo unaotoka nchi kavu) unaupunguza nguvu, mchana bara inapata joto, upepo wa bahari unaongezea juu ya kusi. Kati ya saa nane na saa kumi na moja ndiyo kilele. Mtu anatazama namba ya saa kumi na mbili asubuhi, noti 8, anapanga kurudi saa tisa kwenye noti 17. Noti zikiongezeka mara mbili, msukumo wa upepo unaongezeka mara nne. Tanga la chombo linalijua hilo kuliko mwenye tanga.

---

Kigambo_Boy, saa 5:48 asubuhi

Sawa nimekuelewa mzee, nafuta nilichosema cha kufuta 😄 Lakini zipo programu chungu nzima na zinapingana. Moja noti 12, nyingine 19. Niamini ipi?

---

Mpimaji_Mstaafu, saa 6:10 mchana

Nyuma ya programu hizo zote wapishi ni wachache. Wengi wanachota kwenye kompyuta za utabiri, GFS ya Wamarekani au ECMWF ya Ulaya. Ile ya Ulaya inagawa dunia visanduku vya kama km 9, GFS vikubwa zaidi. Ndani ya kisanduku kimoja kuna namba moja. Mlango wa Pangani, mji, minazi na duka la mafuta ya boti vyote vinaingia kwenye kisanduku kimoja na nafasi inabaki. Kisanduku hakijui kuna fungu la mchanga.

Mimi hufanya hivi. Natazama zote mbili. Zikikubaliana, nalala. Zikitofautiana kama ulivyosema, sichagui inayonifurahisha, nachukua kuwa wenyewe hawajui na najipanga kwa 19. Naangalia pia namba ya upepo wa ghafla, maana noti 12 ni wastani. Siku tatu mbele naamini, ya tano naitazama kama tetesi, ya kumi ni ya kupitishia muda. Halafu taarifa ya TMA naisoma ya mwisho, ili inisute. Yule ni mtu mwenye macho ameketi kuangalia ukanda huu, kompyuta ya Ulaya haijawahi kuona Nungwi.

Kisha nafika pwani mapema, nakaa juu ya jiwe dakika kumi bila kuongea na mtu. Chagua kigingi au boya, hesabu sekunde kutoka mgongo mmoja kupita hadi mwingine. Ukipata nne tano, ni upepo wa leo. Ukipata kumi na zaidi, na mawimbi yanakuja kwa makundi, matatu manne makubwa kisha kimya, ujue mgeni yupo. Kile kimya cha katikati ndicho kinachowadanganya watu mlangoni.

---

FaibaYaPangani, saa 6:25 mchana

Hicho kimya ndicho nilichoingilia. Naapa. Nilisimama nje kidogo, nikaona pametulia, nikasema haya twende.

Sasa nifanyeje nikikuta hali ile? Nisubiri saa nne maji yakauke?

---

MzeeWaGoshini, saa 7:02 mchana

Hapana! Saa nne mkondo umelala lakini fungu nalo limepanda. Maji kidogo, wimbi linavunja kila mahali, utagonga chini.

Tia nanga nje penye kina. Kunywa chai. Maji yakianza kujaa, yape saa moja na nusu au mbili, yaanze kuingia mtoni. Hapo mkondo na wimbi vinakwenda njia moja, wimbi linalegea. Utaona povu limehama. Ndipo unaingia, mgongoni mwa wimbi, usilipite, usikubali likupite.

Au rudi mapema, saa kumi na moja haijafika, maji bado yamejaa.

---

FaibaYaPangani, saa 7:10 mchana

Saa kumi na moja ni giza mzee, na ndiyo saa dagaa wanapanda vizuri.

---

MzeeWaGoshini, saa 7:13 mchana

Basi chai.

---

FaibaYaPangani, mwezi mmoja baadaye, Jumapili saa 9:40 alasiri

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Kiza kimerudi na bamvu limerudi. Ijumaa jioni nikatazama: upepo noti 12, mawimbi mita 1.2. Zaidi ya siku ile. Nikafungua chini: ya upepo 1.1, sekunde 5, ya mbali 0.5, sekunde 9, kutoka 160. Nikajua tutalowa lakini mlangoni hatufi. Tulilowa usiku kucha, vijana wakanitukana kimoyomoyo, asubuhi tukaingia saa moja na nusu. Paliruka ruka, maji yakaingia ya kujaza ndoo mbili.

Jumamosi simu ikasema mita 1.0. Pungufu. Ila ya mbali imepanda 0.8, sekunde 11, kutoka 120. Nikapakia birika na mkaa. Vijana wakacheka. Asubuhi tukatia nanga nje, na kwa kuwa nilikuwa na muda nikahesabu: kumi na moja, kumi, kumi na mbili, kumi na moja. Tukawa tunaona kwa mbali povu likipanda mlangoni, kimya, povu, kimya. Hakuna aliyecheka tena. Tumeingia saa sita kasorobo, boti imepita kama iko ziwani.

Hasara: akina mama wa kuanika walishachukua dagaa wa boti nyingine, nikauza kwa bei ya kutupa. Boti hizo nyingine ziliingia saa kumi na moja kasoro na maji yakiwa juu. Kwa hiyo nafikiria upya suala la giza, pengine taa mbili za kuwekea alama pale mlangoni zingetosha.

---

BintiMwani, saa 9:58 alasiri

Bora bei ya kutupa kaka kuliko kutupa wenyewe. Hongera.

---

MzeeWaGoshini, saa 10:20 jioni

Hiyo sekunde kwenye simu inakaa wapi? Mjukuu kaniwekea hiyo Windy lakini naona rangi tu.

---

FaibaYaPangani, saa 10:24 jioni

Mzee gusa pale palipoandikwa mawimbi, kisha bonyeza juu ya bahari ushikilie kidogo, itafunguka orodha chini. Tafuta namba yenye "s" mbele yake. Ukikwama nipigie, namba ninakutumia kwenye ujumbe.